Maji Chini ya Oili

Mwanangu Mwanaidi,

Begi lako nimelifunga kamba mbili. Fundo la juu ni lile nililofundishwa na nahodha mmoja bandarini, enzi zangu za Temeke, akaniambia tangu azaliwe hajaona mkono mwepesi kama wangu. Hakuna mwizi wa stendi anayeweza kulifungua. Cheka tu. Nataka uianze barua hii ukicheka, maana huko mbele sijui kama kuna pa kuchekea.

Mambo ya kula, ya kulala, ya kuficha nauli, ya wanaume, siyaandiki. Jirani yetu Mama Zai keshakumalizia yote, na mengine kakuongezea ya kwake. Na mwandiko wangu unaujua, darasa la sita niliachia njiani, kwa hiyo nisimalize kurasa za daftari kwa mambo unayoyajua. Mie nina jambo moja.

Juzi jioni ulisimama uani penye trekta la marehemu baba yako, umeweka kiganja juu ya boneti. Kuku walikuwa wanaatamia pale penye kiti cha dereva kama kawaida yao. Nilikuwa napita na ndoo. Ukasema, bila hata kunigeukia: "Bamdogo, mshahara wangu wa kwanza nauanzia hapa. Nitalifufua hili. Mie ndo niliyeliua, mie ndo n'takayelifufua."

Nikajibu, "Inshallah."

Basi. Mie Mshamu, ambaye Bunju nzima wanajua sijawahi kukosa neno, nikasema inshallah, nikaingia ndani, nikakaa kitandani na ndoo bado mkononi.

Tangu hapo natafuta namna ya kukujibu. Jana tunakula nilifungua mdomo nikuambie, ikatoka hadithi ya mamba. Ile ya Mto Mpiji, mto umefurika, mamba kadandia kwenye boza la maji, mie napiga honi, mamba anashuka kama abiria aliyefika kituoni. Ulicheka kwa adabu, kama unavyochekaga siku zote, hadithi yenyewe umeisikia mara mia. Mdomo wangu una njia yake, nikiuachia tu unashika ile uliyoizoea. Ndiyo nimechukua kalamu. Kalamu hainijui.

Nianzie kwa baba yako.

Kaka Rajabu alilinunua lile trekta likiwa zee tayari, rangi nyekundu imebaki kwenye mapaja tu. Hakulinunua alime. Bunju ya wakati ule ilikuwa vichaka na misingi ya nyumba, watu wanajenga, maji hakuna. Visima vya hapa kwetu ni chumvi, unavijua, chai yake hata uitie kilo ya sukari haiokoki. Kaka akafunga boza nyuma ya trekta, akawa anakwenda Mabwepande kwenye kisima kirefu kuchota maji baridi, yasiyo na chumvi, anarudi kuyauza mtaa kwa mtaa. Mie nilikuwa msaidizi wake, ingawa kijiweni nilisema ni mbia.

Alikuwa na mwiko mmoja. Boza likishajaa, kabla halijatoka dumu hata moja la mteja, ndoo ya kwanza ni ya trekta. Anafungua rejeta, lile tangi la kupozea injini, anachungulia, anajazia maji baridi, anafunga. Kina mama wamepanga foleni wanampigia kelele: "Rajabu wee, watoto wetu wanalia kiu, wewe unanywesha chuma!" Naye anawajibu, "Chuma hiki ndo kimewabebeeni, shangazi zangu. Mbeba maji asife kwa kiu." Na anayemimina ni wewe, uko juu ya mabega yake na kopo lako, una miaka minne au mitano. Nusu unatia kwenye rejeta, nusu unammwagia kichwani.

Alivyougua unakumbuka, ulikuwa na miaka tisa. Mama yako alikwisha olewa tena Kilwa, ukabaki na bibi yako na mie. Siku yake ya mwisho kaka aliniita akaniambia, "Mshamu, mtoto na trekta." Hakusema lingine. Mtoto akamtaja kwanza.

Wiki za mwanzo niliushika ule mwiko. Halafu siku moja mchana, jua limesimama, foleni ya madumu imefika mpaka kwenye duka la Mpemba, mama mmoja akasema kwa sauti, "Na huyu naye ataanza kunywesha chuma kama kaka yake?" Watu wakanitazama. Mwanangu, mie nikitazamwa nakuwa mtu mwingine. Nikapanda juu ya tela nikasema, "Kwa Mshamu tone la maji baridi halipotei! Chuma kitakunywa ya nyumbani!" Wakanishangilia. Kuna mama alipiga kigelegele. Kigelegele kile nakisikia mpaka leo.

Kuanzia siku ile rejeta nilikuwa nalijazia maji ya kisima chetu. Ya chumvi. Miaka mitatu.

Na wewe, kila Ijumaa ukitoka shule, unaliosha. Maji ya kuoshea unakinga yale masalia yanayobaki chini ya boza, kwa sababu baba yako alikuambia chumvi isiguse chuma. Ulikuwa unaliosha kwa maji baridi na sabuni ya kipande, mpaka nati za magurudumu unazisugua kwa mswaki wa zamani. Nje unaliosha wewe kama bibi harusi. Ndani nalinywesha mie bahari.

Likaanza kunywa. Leo nusu dumu, kesho dumu zima, na chini pakavu, hakuna tone lililovuja. Mtu yeyote mwenye akili angejiuliza haya maji yanakwenda wapi. Mie niliwaambia watu trekta langu limekuwa na kiu kwa sababu lina nguvu. Niliwaambia hivyo kweli, na wakaamini, au walinyamaza tu.

Sasa hiyo Jumamosi. Nataka niiandike yote, nisiruke.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulichomoa stiki ya kupimia oili asubuhi, kabla hatujawasha, kama baba yako alivyokufundisha. Mie nilikuwa barazani na kikombe changu.

"Bamdogo, njoo uone."

"Nione nini?"

"Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Halafu imepanda. Jana ilikuwa katikati, leo imepita alama."

"Labda umeiongeza."

"Sijaiongeza."

"Basi umeimwagia maji jana ukiosha."

"Mfuniko nilifunga, Bamdogo."

"Ulifunga, ulifunga! Nani kakuona?"

Nikasema kwa mzaha, mwanangu. Hapo bado ulikuwa mzaha. Nikaja, nikaangalia stiki, nikafungua mfuniko wa oili nikachungulia, nikalegeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaikinga ile iliyotangulia kutoka ndani ya chupa ya kioo ya juisi. Nikaiweka dirishani itulie.

Hapa nitoke kidogo kwenye hadithi, maana huko Mbarali unakwenda kushika matrekta ya watu, na hiki ni kitu cha kweli nilichonacho. Vingine vyote nilivyokufundisha vichuje kwanza.

Ukikuta rangi ya maziwa ipo chini ya mfuniko tu, na stiki ni safi, usimpigie mtu kelele. Hilo ni jasho. Injini inayokwenda safari fupi haipati moto wa kutosha, inatoka jasho, jasho linaganda pale juu. Na trekta lililolala nje bila kopo juu ya ekzosi linaweza kunywa mvua. Lakini maziwa yakiwa kwenye stiki, na oili imepanda bila mtu kuiongeza, maji yanaingia toka ndani. Oili ikipanda halafu ikawa nyeusi, nyepesi, inadondoka kwenye stiki kama maji na inanuka dizeli, basi hiyo ni dizeli, mlango wake ni mwingine, katafute kwenye pampu ya dizeli na nozeli zake. Usichanganye. Nimeona mafundi wanafumua hedi kwa kosa la nozeli.

Usiiwashe. Iache ilale, asubuhi legeza nati ya sampu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, ndiyo yatakayotoka kwanza. Tone moja litie juu ya bati la moto. Oili tupu itatoa moshi tu. Yenye maji itapiga kelele kama kitunguu kwenye mafuta. Ukishajua ni maji, jiulize ni maji gani, yametoka wapi. Hilo la pili ndilo lenye kazi. Usionje, tafadhali. Maji ya rejeta ya siku hizi yana dawa, ya kijani, matamu, yanaua.

Mie nilionja.

Unajua nilivyokuwa najisifia ulimi wangu. Kwamba fundi Mshamu akiramba stiki anakuambia injini ina miaka mingapi na dereva wake kabila gani. Uongo huo. Lakini Jumapili asubuhi nilichukua ile chupa dirishani. Ilikuwa imejigawa, oili chafu juu, maji chini kama vidole viwili. Nikaingiza mrija wa soda mpaka chini, nikavuta kidogo, nikaweka ulimini.

Chumvi.

Nikatema. Nikavuta tena. Chumvi ya kisima chetu, ile ile unayoijua, inayobaki kwenye meno.

Wewe uliosha kwa maji baridi. Kama maji yako ndiyo yangeingia, yasingekuwa na chumvi. Yametoka kwenye rejeta. Yametoka mkononi kwangu. Nilijua Jumapili ile ile, mwanangu, jua halijafika juu ya paa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ulimi wangu umepima kitu kweli, na sikumwambia mtu.

Jumatatu nikapanda mpaka Temeke kwa Mzee Gulamu, yule Khoja wa duka la vipuri niliyewahi kumbebea mizigo ujanani. Nikamwekea chupa mezani. Akavaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga.

"Unatia maji gani kwenye rejeta, Mshamu?"

"Ya kawaida, mzee."

"Ya kawaida ya wapi?"

Nikaitazama chupa. Akaivua miwani.

"Ya chumvi! Wewe unatengeneza injini au unakausha papa?" Vijana wake wa dukani wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Sikiliza. Laina zako, kuta za silinda, zimetoboka, au raba zake zimelika, maji yanapita kwenye oili. Usiwashe hata dakika moja. Shusha sampu, jaza rejeta, lala chini utazame maji yanadondokea wapi. Nitakupa raba na laina, utanirudishia ukipata. Rajabu alikuwa mtu wangu. Lakini usiwashe, umenielewa? Oili yenye maji haishiki chuma. Itakula bearing zote."

"Nimekuelewa, mzee."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi bado haijawa aibu," akasema. "Nenda katengeneze."

Alikuwa ananipa mlango, na umefunguliwa. Ningerudi, nikavua shati, nikalala chini ya lile trekta wiki nzima, Bunju ingenicheka siku tatu ikasahau. Lakini Alhamisi kulikuwa na harusi Boko, na mie nilikwisha simama mbele za watu nikasema maji yote ya harusi ni ya Mshamu, boza nne, hata mbingu zikauke. Nikalala chini ya trekta namna gani, watu wakija kuniulizia nionekane miguu tu?

Nikamwaga oili ile, nikatia mpya. Jumatano stiki ikatoka na maziwa tena, na ulikuwepo, uliniona nikiifuta haraka kwa shati. Alhamisi nikawasha.

Kijiweni nimelisimulia kwa namna nyingi lile tukio. Kwamba mkono wa pistoni ulitoka kwenye injini ukaruka ukaua kunguru. Haukuruka. Nilipanda kile kilima cha kuingilia Boko na boza limejaa, nikasikia mlio kama mtu anagonga geti kwa nyundo, nikasema nitafika, nikakanyaga mafuta. Ikagonga mara moja kwa nguvu, ikanyamaza. Niliposhuka, ubavu wa injini ulikuwa na tundu la kuingia ngumi, na kile chuma kimelala pale chini karibu na gurudumu, cha moto, kimepinda. Oili inatoka polepole, rangi ya chai. Nilikaa chini palepale. Hakukuwa na mtu wa kunitazama, kwa hiyo nililia.

Walilivuta mpaka nyumbani. Watu wakajaa uani. Bibi yako akatoka na khanga yake begani, akaligusa, akauliza, "Mshamu, trekta la mwanangu limefanyaje?"

Nikaona macho yote yamenigeukia. Ya kina mama wa foleni. Ya watu wa kijiweni. Wewe ulikuwa nyuma ya bibi, bado na sare ya shule.

Nikasema, "Muulizeni Mwanaidi. Kaosha Ijumaa, kaacha mfuniko wa oili wazi. Maji yameingia."

Ukasema, "Nilifunga." Sauti ndogo. Halafu ukasema tena, "Nilifunga, Bibi."

Siku ya tatu ulinifuata kisimani. Ulikuwa umevimba macho. Ukaniambia, "Bamdogo, nimefikiria sana. Labda sikukaza vizuri."

Na mie nikakuwekea mkono kichwani nikakuambia, "Basi, mwanangu. Nimekusamehe. Bahati mbaya."

Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Nilikusamehe. Mie nilikusamehe wewe.

Baada ya hapo hadithi ikakua yenyewe, na nani aliyeikuza kama si mie. Nikaongeza kwamba nilipofungua sampu nilikuta perege hai anaogelea. Watu walianguka kwa kicheko. Na ndiyo ukawa Perege. Ukipita kwenda dukani: "Perege, umefunga mfuniko?" Ukawa unaitika. Hata wenzio wa chuo cha ufundi, sijui nani aliwafikishia, nao wakakuita hivyo, na wewe unaitika tu, unatabasamu. Nilikusikia mara moja unamwambia mtu kwenye simu, "Niite Perege, ndo jina langu." Nilikuwa nakunywa maji, nikaiweka glasi chini.

Nimekuona unavyofunga vitu. Chupa ya chai unaifunga, unakwenda hatua tatu, unarudi unaikaza tena. Dumu, kopo la chumvi, mlango wa banda la kuku. Mama Zai anasema huyu mtoto ana usafi wa ajabu. Siyo usafi. Nimekuona pia ulivyoacha kuomba. Kiatu kikipasuka unakishona kwa waya. Fedha ya safari ya shule hukuniambia kabisa, nilikuja kusikia wenzako wamekwenda Bagamoyo wewe ulikuwa chini ya mti unasoma. Kama mtu aliyekwisha kula fungu lake lote siku moja, sasa anaona haya kuinua sahani.

Na bibi yako. Hili ndilo lisilotengenezeka hata nifanye nini. Alipokuwa anaumwa, wiki ile ya mwisho, alikushika mkono akakuambia, "Mjukuu wangu, la trekta nimekusamehe. Ulikuwa mtoto." Wewe ukambusu kiganja. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Kilikuwa kimejaa na sikumwaga hata tone, nakumbuka nilijivunia hilo, kwamba mkono wangu hautetemeki. Angalia nilikuwa najivunia nini. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa pale, na aliyetakiwa kulisikia alikuwa bado anasikia. Amekwenda kaburini akijua ni wewe. Nikienda kumzuru nasoma fatiha haraka haraka, kama mtu anayekwepa kuulizwa.

Leo alasiri nilikwenda kijiweni kwa wauza kahawa. Nilisema leo naumaliza uongo wangu palepale nilipoulea. Nikasimama, nikawaambia, "Jamani, la trekta siyo Mwanaidi. Ni mie. Nilitia maji ya chumvi kwenye rejeta miaka mitatu, nikajua, nikanyamaza."

Wakatazamana. Halafu mmoja akasema, "Mshamu leo umekuja na mpya! Na perege je, alikuwa wa maji chumvi?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikawaapia. Wakazidi. "Anaapa! Huyu akiapa ujue kunguru atakufa tena." Mwingine akaniambia nimalizie, mamba anaingilia wapi.

Nilirudi nyumbani polepole. Nimetumia maneno yangu yote, mwanangu, miaka yote hii, na siku niliyohitaji moja lenye thamani nikakuta sina. Sijui kama unanielewa. Mtu anaweza kufika mahali akisema kweli haina pa kukaa. Mie nimefika hapo. Nimebaki na wewe tu, na hata wewe sioni kwa nini uniamini.

Ndiyo maana kwenye begi, chini kabisa, ndani ya lile shuka la zamani la bibi yako, nimeweka ile chupa. Miaka tisa ilikuwa nyuma ya kabati langu. Nimeifunga kizibo kwa nta ya mshumaa, na nailoni mbili, haitavuja. Utaona oili juu, imekuwa nyeusi, na maji bado yapo chini, vidole viwili, oili imeyafunika hayajakauka. Ukifika kwenye karakana yako, yachukue yale ya chini kwa mrija, uyatie juu ya bati safi, uwashe moto mdogo. Yatachemka, yatakwisha. Angalia yanaacha nini. Maji baridi yangeacha alama tu ya kufuta kwa kidole. Haya yataacha unga mweupe. Usiniamini mie, wala usimwamini mtu. Pima.

Na ukishapima, lile trekta usilifufue. Injini yake imetoboka ubavuni, chuma kimeoza na chumvi ndani, hakuna fundi wa kuirudisha, na wewe hudaiwi. Mshahara wako usilinunulie hata nati moja. Nunua viatu.

Kesho stendi nitapiga kelele kama kawaida. Nitamwambia konda kwamba mwanangu anakwenda kuwa fundi mkuu wa matrekta yote ya nyanda za juu, nitamwambia na la fundo la nahodha. Usidhani nimesahau nilichokuandikia. Nitakuwa naogopa tu. Utaniambia shikamoo, nitakuitikia, na basi litaondoka, na hutakuwa umesoma bado, maana barua nimeiweka kule kule na chupa. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Mpaka mwisho mie ni mwoga. Ukiisha kusoma usinipigie simu kuniambia yameisha. Hayajaisha. Nilikusikia mara moja ukiomba msamaha wa kosa langu, inatosha kwa maisha yangu yote.

Nilisema siruki kitu, na nimeruka kimoja. Nilipokuja ile Jumamosi asubuhi na kikombe changu, kabla ya chupa, kabla ya chumvi, kabla hata sijajua chochote, nilishika mfuniko wa oili niufungue nichungulie. Haukufunguka. Ilibidi nirudi ndani kuchukua kitambaa, nikaushika kwa mikono miwili, nikausukuma kwa bega. Ulikuwa umeukaza kwa vidole vyako vya miaka kumi na miwili, Mwanaidi, kiasi cha kumshinda mwanamume mzima.

Mshamu